Vivinjari Vyepesi kwa Kompyuta Yenye RAM Ndogo: Kuchagua, Kusakinisha na Kuvitumia

Kompyuta kuukuu mara nyingi bado inaandika barua, inapiga hesabu kwenye jedwali na kucheza muziki bila shida. Kasheshe huanza ukifungua kivinjari: feni inavuma, kipanya kinakwama, herufi zinatokea sekunde kadhaa baada ya kuandikwa. Hapo ndipo mtu huambiwa atafute kivinjari chepesi, naye hupakua cha kwanza anachokutana nacho, hukitumia siku mbili, kisha hurudi kwenye Chrome akisema hakuna tofauti.

Mara nyingi yuko sahihi, hakuna tofauti, kwa sababu sehemu kubwa ya mzigo iko kwenye kurasa. Tovuti ya kawaida ya habari leo huja na makala ya aya kumi, na nyuma yake msururu wa hati za JavaScript (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya ukurasa) za matangazo, za kufuatilia wasomaji na za video zinazojichezesha. Kivinjari chochote kitakachokubali kuendesha vyote hivyo kitakula RAM. Wepesi wa kweli hupatikana kwa kukataa baadhi ya kazi, na kila kivinjari chepesi kina kazi zake kinazozikataa. Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya pendekezo moja: kaa na vivinjari viwili. Kimoja chepesi kwa kusoma na kutafuta, kingine kamili na kilichosasishwa kwa benki, barua pepe na fomu za serikali. Kutafuta kimoja kitakachokuwa chepesi na pia kifanye yote ni kupoteza muda.

Hatua ya kwanza: jua mashine inabanwa wapi

Kabla ya kupakua chochote, angalia mambo matatu: ukubwa wa RAM, aina ya prosesa, na kama mfumo wako ni wa biti 32 au 64. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, au fungua Settings, kisha System, kisha About. Kwenye Linux, fungua terminali (dirisha la kuandika amri) na uandike `free -h` kwa ajili ya RAM, `lscpu` kwa ajili ya prosesa, na `uname -m` kwa ajili ya biti. Jibu la `x86_64` ni biti 64. Jibu la `i686` ni biti 32.

Hilo la biti si dogo. Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Firefox nayo ilifikia mwisho wa safari hiyo kwa toleo la 144 mwaka 2025, ikibaki tawi la ESR 140 (ESR ni matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu) kwa muda. Prosesa nayo ina masharti yake: Chrome tangu toleo la 89, mwaka 2021, inadai prosesa yenye SSE3, na Firefox inadai SSE2, ambazo ni seti za maagizo ambayo prosesa za zamani huenda hazina. Kwenye Linux orodha ya uwezo huo utaiona kwenye mstari wa Flags unaotolewa na `lscpu`, ambapo SSE3 huandikwa `pni`.

Sasa fungua kivinjari unachotumia leo, na kurasa zako za kila siku, halafu angalia kinachotokea. Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc. Kwenye Linux tumia `htop`. Tafuta dalili moja kati ya mbili. Ikiwa RAM imejaa na diski inafanya kazi mfululizo hata ukiwa umeacha kugusa kibodi, kompyuta imeishiwa nafasi na inahamishia data kwenye diski. Hapo idadi ya vichupo na aina ya kivinjari vina maana kubwa. Ikiwa RAM bado ipo lakini prosesa iko karibu na asilimia 100, tatizo ni hati za kurasa au video, na kubadilisha kivinjari peke yake hakutasaidia sana. Wengi huruka hatua hii, ndiyo maana hutibu ugonjwa wasiokuwa nao.

Ndani ya Chrome na ndugu zake kuna orodha yao wenyewe ya matumizi: bonyeza Shift+Esc. Kwenye Firefox andika `about:processes` kwenye upau wa anwani. Hapo utaona kichupo kipi kinakula nini, na mara nyingi mkosaji ni kimoja au viwili tu.

Hatua ya pili: angalia injini

Majina ya vivinjari ni mengi, lakini injini zinazochora kurasa ni chache. Chrome, Edge, Brave, Vivaldi na Opera zote zinatumia Blink, injini ya mradi wa Chromium. Opera iliwahi kuwa na injini yake iitwayo Presto, ikaiacha mwaka 2013. Firefox inatumia Gecko. Safari inatumia WebKit, na WebKit hiyo hiyo iko kwenye GNOME Web, ambacho wazee wa Linux bado wanakiita Epiphany. Falkon na qutebrowser hutumia QtWebEngine, ambayo ukiifungua ndani utaikuta Chromium.

Maana yake ni kwamba ukihama kutoka Chrome kwenda kivinjari kingine cha Blink kinachojitangaza kuwa chepesi, umebadilisha rangi za dirisha tu, injini ni ile ile. Inaweza kuokoa kidogo kwa kuwa kina kizuia matangazo tayari, au kwa kuwa hakiendeshi huduma nyingi nyuma ya pazia, lakini ukurasa ule ule wa video utabeba karibu uzito ule ule. Falkon naipenda kwa sura yake na kwa kizuia matangazo chake cha ndani. Ilianza mwaka 2010 kwa jina la QupZilla, ikaingia kwenye familia ya KDE mwaka 2017. Lakini ukiisakinisha kwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 1 ukitegemea muujiza, utasikitika.

Kuna sababu nzuri ya vivinjari vikubwa kula RAM, na inafaa kuijua kabla ya kuvilaani. Chrome tangu mwanzo, mwaka 2008, iligawa kazi katika michakato mingi ili kichupo kimoja kikianguka vingine vibaki. Mwaka 2018, katika toleo la 67, ikaanza kutenga kila tovuti kwenye mchakato wake, kujikinga na udhaifu wa prosesa ulioitwa Spectre. Google wenyewe walikadiria kwamba ulinzi huo uliongeza matumizi ya kumbukumbu kwa asilimia 10 hadi 13. Firefox ilifuata njia hiyo mwishoni mwa 2021 kwa mradi wa Fission. Kivinjari chepesi kinachoendesha kila kitu kwenye mchakato mmoja kinaokoa RAM, ndiyo, lakini kinaokoa kwa kuondoa ukuta. Ndiyo sababu nasema benki isiguswe nacho.

Zilizobaki ni injini zinazoleta tofauti ya kweli.

Goanna ni tawi lililochipuka kutoka Gecko ya zamani, na ndiyo iliyo ndani ya Pale Moon. Kivinjari hicho kilianza mwaka 2009 na hadi sasa kinapokea masasisho. Kinaendesha JavaScript, kinafungua tovuti nyingi, na kinafanya kazi katika mchakato mmoja. Ubaya wake ni kwamba ukurasa mmoja mzito huvuta vichupo vyote chini pamoja nao. Viendelezi (programu ndogo za kuongeza kwenye kivinjari) vya Firefox ya leo havifanyi kazi humo, na filamu za kulipia zenye ulinzi wa Widevine hazichezi.

NetSurf ilianza mwaka 2002 kwa ajili ya mfumo wa RISC OS na ina injini yake iliyoandikwa kutoka mwanzo. Inachora kurasa za kawaida vizuri kwa RAM ndogo mno, ila JavaScript yake ni ya kiwango cha chini sana. Ichukulie kama haipo.

Dillo ni ndogo zaidi. Ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1999, ikalala baada ya toleo la 3.0.5 la mwaka 2015, kisha ikafufuliwa na watu wengine na kutoa toleo la 3.1.0 mwaka 2024. Haina JavaScript kabisa, na haijidai kuwa nayo. Kwa kusoma ensaiklopidia, miongozo ya programu na tovuti za maandishi, kasi yake inashangaza: unabofya na ukurasa uko mbele yako.

Mwisho kuna vivinjari vya terminali: Lynx, kilichozaliwa Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1992 na bado kinatunzwa, pamoja na w3m na Links. Hiki cha mwisho kina hali ya michoro, `links2 -g`, ambayo huonyesha picha bila kuhitaji dirisha zito.

Tahadhari moja kuhusu orodha za zamani. Midori inatajwa kila mahali kama kivinjari chepesi cha WebKit. Ile Midori ya mwaka 2007 haipo tena. Mradi ulihamia kwa Astian mwaka 2019, na Midori ya leo imejengwa juu ya msingi wa Firefox. Inaweza kuwa nzuri, lakini sifa zile ulizosoma ni za programu nyingine yenye jina hilo hilo. Kadhalika Otter, iliyoanzishwa kwa nia ya kurudisha ladha ya Opera 12, na vingine vingi vinavyotegemea QtWebKit iliyochakaa. Kabla ya kupakua kivinjari chochote, tafuta tarehe ya toleo lake la mwisho.

Hatua ya tatu: chagua kwa RAM uliyo nayo

Ukiwa na megabaiti 512 hadi gigabaiti 1, weka Dillo au NetSurf kwa kazi ya kila siku, na usitarajie mitandao ya kijamii. Kivinjari cha pili kitakuwa Firefox ESR kinachofunguliwa kwa kichupo kimoja, kwa uvumilivu, pale inapobidi tu.

Gigabaiti 2 ndipo Pale Moon inapong'aa. Vichupo vinne au vitano vya kusoma vinaenda bila kukwama, na Firefox yenye kizuia matangazo cha uBlock Origin inaweza kukaa pembeni kwa kazi za siri. Kwenye Linux, GNOME Web ni mbadala wa kuangaliwa kwa uzito: ina kizuia matangazo chake, inatumia WebKit inayosasishwa, na inaweza kulandanisha alamisho na akaunti ya Firefox.

Ukiwa na gigabaiti 4, kwa maoni yangu, huhitaji kivinjari mbadala. Unahitaji Firefox yenye kizuia matangazo na nidhamu ya vichupo. Ukifika gigabaiti 8 na bado mashine inakwama, chunguza diski na programu zinazojiwasha zenyewe wakati kompyuta inapowaka, maana kivinjari kinasingiziwa.

Mfumo wenyewe nao una neno. Kwenye Windows 7 na 8.1, Chrome iliishia toleo la 109 mwezi Januari 2023, na Firefox ikawabakizia watumiaji hao tawi la ESR 115. Kwa Windows XP kuna miradi kama Supermium na Mypal inayorudisha injini mpya zaidi kwenye mfumo huo, na kazi yao ni ya kupongezwa kiufundi, lakini XP yenyewe imejaa matundu ambayo hakuna kivinjari kinachoweza kuyaziba. Kama mashine inabeba XP kwa sababu tu ni dhaifu, antiX au Puppy Linux, mifumo myepesi ya Linux, zitaipa maisha bora kuliko kivinjari chochote juu ya XP.

Hatua ya nne: sakinisha

Kwenye Debian, Ubuntu na jamaa zao, vingi viko kwenye hazina rasmi, yaani ghala la programu za mfumo wenyewe:

`sudo apt install dillo`
`sudo apt install netsurf-gtk`
`sudo apt install epiphany-browser`
`sudo apt install falkon`

Baada ya kusakinisha Dillo, andika `dillo --version`. Ukiona 3.0.5, hazina yako inabeba toleo la kabla ya ufufuo, na tovuti nyingi za HTTPS (zenye muunganisho uliosimbwa) zitakusumbua. Pata toleo la 3.1 au la baadaye kutoka tovuti ya mradi.

Pale Moon haiko kwenye hazina za Debian. Pakua kutoka palemoon.org. Kwenye Windows ni faili la kawaida la kusakinisha, na kuna pia toleo la kubebeka unaloweza kuliweka kwenye diski ya USB. Kwenye Linux utapata faili lililobanwa; lifungue nyumbani kwako na uliendeshe bila hata nenosiri la msimamizi:

`tar xf palemoon-*.tar.xz`
`./palemoon/palemoon`

Kamwe usipakue kivinjari kutoka tovuti za kukusanya programu, zile zenye vitufe vitatu vya kupakua na viwili kati yake ni matangazo. Programu itakayoshika manenosiri yako ichukuliwe kwa mwenyewe.

Kuhamisha alamisho ni rahisi. Kwenye Chrome na Firefox bonyeza Ctrl+Shift+O, tafuta amri ya kuhamisha kwenda faili la HTML, kisha liingize kwenye kivinjari kipya. Manenosiri usiyahamishe. Faili la CSV linalotolewa ni maandishi matupu, mtu yeyote akilifungua anayasoma, na kivinjari chepesi hakitakuwa na kazi nayo kama utafuata mpango wa vivinjari viwili. Ukihitaji manenosiri kote kote, KeePassXC huyatunza nje ya kivinjari chochote.

Hatua ya tano: kata JavaScript na matangazo

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, kubwa kuliko hata kubadilisha kivinjari. Kama utafanya moja tu katika mwongozo huu, fanya hii.

Kwenye Firefox, sakinisha uBlock Origin ya Raymond Hill. Hakikisha ni hiyo. Kuna nyingine zenye majina yanayofanana. Chrome imeondoa uwezo uliokuwa unategemewa na kiendelezi hicho, kwa hiyo humo utapata uBlock Origin Lite, ambayo inasaidia lakini ina mipaka zaidi. Pale Moon inahitaji toleo la zamani, mfululizo wa 1.16.4, ambalo liko kwenye GitHub chini ya jina la uBlock kwa Firefox ya zamani. Orodha zake za vichujio bado zinasasishwa hata kama programu yenyewe imesimama.

Halafu nenda mbele zaidi. Fungua mipangilio ya uBlock Origin, na kwenye sehemu ya tabia ya kawaida weka alama kwenye kuzima JavaScript. Kuanzia hapo kila tovuti inafunguliwa bila hati. Ukikuta tovuti isiyofanya kazi, bofya ikoni ya uBlock, kisha alama ya `</>`, na JavaScript itaruhusiwa kwenye tovuti hiyo peke yake. Bofya kufuli kuhifadhi uamuzi huo. Wiki ya kwanza inachosha kidogo. Kisha orodha yako ya tovuti zinazoruhusiwa inatulia, na utagundua kwamba idadi kubwa ya makala unazosoma hazikuhitaji hati hata moja. Baadhi zinasomeka vizuri zaidi, kwa kuwa ule ukuta wa kukuomba ujiandikishe ulikuwa umejengwa kwa JavaScript.

Kutafuta ndiko kutakakokukwamisha kwanza. Google Search tangu Januari 2025 inadai JavaScript, kwa hiyo Dillo na NetSurf haziwezi kuitumia. DuckDuckGo ina ukurasa mwepesi wa maandishi, `lite.duckduckgo.com/lite`, unaofanya kazi hata kwenye Lynx. Ufanye ukurasa wako wa mwanzo. Gmail nayo ilifuta sura yake ya HTML ya kawaida mwaka 2024, jambo linalotupeleka kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya sita: ondoa kwenye kivinjari kazi zisizo zake

Barua pepe haihitaji kivinjari. Thunderbird, programu ya barua pepe, huisoma kwa IMAP (njia ya kusoma barua zilizo kwenye seva), na kwa mashine dhaifu zaidi Claws Mail ni nyepesi kuliko Thunderbird kwa mbali. Ukifungua barua pepe kwenye programu yake, umeondoa kichupo ambacho kwa kawaida hukaa wazi kutwa nzima.

Video pia. Sakinisha mpv (kicheza video) na yt-dlp (kinachochukua video kutoka tovuti), kisha fungua kiungo cha video kwenye terminali:

`mpv --ytdl-format="bestvideo[height<=480][vcodec^=avc1]+bestaudio" kiungo`

Sehemu ya `avc1` ndiyo siri. YouTube hupenda kutuma video zilizobanwa kwa VP9 au AV1, ambazo kadi za michoro za zamani haziwezi kuzifungua zenyewe, na prosesa ndiyo inayobeba mzigo wote. H.264, ambayo ndiyo hiyo `avc1`, karibu kila kadi ya michoro inaifahamu. Kompyuta iliyokuwa inakatakata picha ndani ya kivinjari mara nyingi huicheza video ile ile bila shida kwa njia hii. Usipotaka terminali, kiendelezi cha h264ify hufanya kitu kinachokaribiana na hicho ndani ya kivinjari.

Habari zisomwe kwa RSS (mlisho wa makala mpya za tovuti) kila inapowezekana: Liferea kwa wanaopenda dirisha, Newsboat kwa wanaopenda terminali.

Hatua ya saba: rekebisha kivinjari kamili

Kwenye Firefox andika `about:config`, ukubali onyo, kisha badilisha mambo mawili. `browser.sessionstore.interval` iko 15000, yaani kila sekunde 15 hali ya vichupo inaandikwa kwenye diski. Iweke 120000, na mwenye diski ya kuzunguka ataona unafuu. `browser.sessionhistory.max_total_viewers` iko -1, maana yake Firefox inaamua yenyewe ihifadhi kurasa ngapi zilizopita kwenye RAM, iweke 1.

Utasoma mahali pengi ushauri wa kupunguza `dom.ipc.processCount`. Ulikuwa mzuri kabla ya Fission. Sasa kila tovuti hutengwa kivyake, na namba hiyo haibani michakato kama zamani, kwa hiyo usihangaike nayo. Afadhali utumie `about:unloads`, ukurasa wenye kitufe cha kuondoa vichupo kwenye kumbukumbu bila kuvifunga. Tangu toleo la 140 unaweza pia kubofya kichupo kwa kitufe cha kulia na kukiondoa hapo hapo. Kwenye Chrome washa Memory Saver, na kwenye Edge vichupo vinavyolala, vyote viko kwenye sehemu ya utendaji ya mipangilio.

Punguza viendelezi. Kimoja cha kuzuia matangazo kinatosha. Viwili hufanya kazi ile ile mara mbili.

Tovuti ikikataa

Kurasa nyingi hukataa kivinjari kwa kusoma jina lake tu, bila kujaribu kama kinaweza. Pale Moon inakuruhusu kujitambulisha tofauti kwa tovuti moja moja. Ndani ya `about:config` unda kipengele kipya cha maandishi kinachoitwa `general.useragent.override.` kikifuatiwa na jina la tovuti, mfano `general.useragent.override.example.com`, kisha weka maandishi ya utambulisho wa Firefox. Yapate kwa kufungua `about:support` kwenye Firefox halisi na kunakili mstari wa User Agent. Ujanja huu unafungua milango mingi, ila si yote: ukurasa ukihitaji kitu ambacho Goanna haina, utabaki mweupe au vitufe havitabofyeka. Kurasa za kuthibitisha kwamba wewe si roboti nazo huzunguka bila kumaliza kwenye vivinjari visivyojulikana. Usipigane nazo, nakili anwani, ifungue kwenye kivinjari kamili, maliza, funga.

Na kama tovuti zote za HTTPS zinakataa kwa pamoja zikilalamikia cheti, angalia saa kabla ya kulaumu kivinjari. Kompyuta za umri huu mara nyingi betri ndogo ya kwenye ubao mama imekufa, na tarehe hurudi miaka nyuma kila umeme unapokatika. Cheti kilichotolewa mwaka huu hakiwezi kuwa halali kwa mashine inayodhani iko mwaka 2009. Rekebisha tarehe, badilisha betri, tatizo linaondoka.

Usalama, bila kuzungusha

Debian, katika maelezo ya matoleo yake, imekuwa ikipendekeza Firefox au Chromium kwa matumizi ya kawaida, na kusema wazi kwamba si kila injini iliyo kwenye hazina yake inapata ulinzi kamili wa masasisho ya usalama. Hilo linahusu Falkon na wenzake wa QtWebEngine moja kwa moja: injini yao inaweza kubaki nyuma ya Chromium kwa miezi, huku matundu yakijulikana hadharani.

Dillo iko upande wa pili kwa namna ya kuchekesha. Kwa kuwa haiendeshi JavaScript, aina nzima ya mashambulizi haina pa kuingilia. Hata hivyo msimbo wake unakaguliwa na watu wachache, kwa hiyo usiingize nenosiri la maana humo. Kivinjari chepesi kisome, kitafute, kipakue nyaraka. Pesa, vitambulisho na barua pepe kuu vibaki kwenye Firefox au Chromium iliyosasishwa wiki hii.

Pima tena

Rudia kipimo cha mwanzo: washa kompyuta upya, fungua kurasa zile zile, subiri dakika mbili, kisha soma. Usijumlishe RAM ya kila mchakato kama `htop` inavyoionyesha kwenye safu ya RES, kwa sababu michakato ya kivinjari kimoja hugawana kumbukumbu, na sehemu hiyo huhesabiwa mara nyingi. Chrome itaonekana nzito kuliko ilivyo. Soma badala yake safu ya `available` kwenye `free -h` kabla na baada ya kufungua kivinjari, na uchukue tofauti. Kwenye Windows namba ya aina hiyo iko kwenye Task Manager, sehemu ya Performance, chini ya Memory. Kama tofauti kati ya kivinjari kipya na cha zamani ni megabaiti chache tu, kiondoe na ubaki na cha zamani chenye uBlock Origin.

Kinachobaki kifuatilie kwa mkono. `apt upgrade` haitaigusa Pale Moon uliyoifungua kutoka kwenye faili lililobanwa, kwa hiyo angalia menyu yake ya msaada mara kwa mara kwa toleo jipya. Kivinjari chenye JavaScript ambacho hakijatoa sasisho kwa zaidi ya nusu mwaka kiondoe, na folda yake ya wasifu uifute, maana historia na vidakuzi vyako bado vimo humo.